Mgonjwa si Rehani



Dominika moja, baada ya Misa ya pili, tulipitisha kikapu mlangoni mwa kanisa. Fedha tuliyoitafuta haikuwa ya paa wala ya sikukuu ya parokia. Ilikuwa ya kumtoa mama mmoja hospitalini. Mama huyo alikuwa amezaa kwa kupasuliwa. Kidonda kilikuwa kimekauka, daktari alikwisha kutia sahihi karatasi ya kutoka, na mtoto alikuwa anakaribia kutimiza mwezi mmoja. Hata hivyo mama na mtoto walikuwa bado ndani, kwa sababu fakture haijalipwa. Kitanda chake kilikuwa kimepewa mgonjwa mwingine. Yeye alilala mkekani, kikwembe kimoja kikiwafunika wote wawili. Mzamu wa lango alikuwa na jina lake kwenye orodha. Hata alipotoka kwenda kufua nguo za mtoto, jicho la mzamu lilimfuata.

Mumewe ni motari. Alikuwa ameuza simu yake, akakopa kwa mwenye pikipiki, na bado deni likabaki. Sisi tukalipa kilichosalia. Lango likafunguliwa, wamama wakapiga vigelegele, tukamsindikiza mzazi nyumbani kwa nyimbo. Njiani mmoja wenu akatuuliza kwa sauti ya chini: “Baba katekista, leo tumetoa sadaka, au tumekomboa mateka?”

Siku ile hatukumjibu. Tumekaa na swali lake, na leo tunamjibu mbele yenu wote: tulikomboa mateka. Na kwa kuwa tulishangilia pale tulipopaswa kuhoji, sisi pia tumeisaidia desturi hiyo kuendelea.

Tuelewane kwanza. Deni ni deni. Dawa ya usingizi, uzi wa kushonea kidonda, glavu na maji ya kutundikwa mshipani havioti shambani. Vinanunuliwa, na aliyevinunua anapaswa kurudishiwa fedha yake. Anayesema kwamba matibabu hayana gharama hajawahi kufungua kabati la dawa la kituo cha afya kijijini. Hatumtetei mwenye kuweza kulipa akakataa. Tunachokipinga ni kingine kabisa. Kati ya neno “unadaiwa” na neno “hutatoka” kuna bonde kubwa, nasi tumezoea kulivuka kama vile halipo.

Fundi aliyekujengea nyumba usipomlipa hakufungii ndani ya nyumba hiyo. Mshonaji anaweza kulizuia vazi hadi umalize fedha yake, hakuzuii wewe. Mwenye duka anaandika jina lako katika daftari, na akichoka anakupeleka kwa mkuu wa mtaa au mahakamani. Wote hao wanadai mali kwa njia ya mali. Ni hospitali peke yake, nyumba iliyojengwa ili kumponya mtu, inayoshika mwili wa mtu na kuufanya dhamana. Zamani, katika makabila mengi ya Afrika, mtoto au binti aliweza kutolewa rehani kwa ajili ya deni la ukoo wake, akae kwa mdai hadi ndugu zake walipe. Tunapowafundisha ninyi historia hiyo shuleni, tunaisimulia kama giza lililokwisha kupita. Je, limepita kweli, ikiwa mama mwenye kidonda cha uzazi analindwa na mzamu kama mbuzi wa mkopeshaji?

Wapo watakaotuambia kwamba hiyo ndiyo sheria ya hospitali. Hapana. Hiyo ni kawaida ya hospitali, na kawaida haiwi sheria kwa sababu imedumu. Sheria ya nchi yetu inasema vingine. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha 47, inahakikisha haki ya afya. Kifungu cha 17 kinalinda uhuru wa kila mtu: uhuru ndio kanuni, na kumzuia mtu ni jambo la pekee lenye masharti yake. Kifungu cha 18 kinawekea mipaka hata wale waliopewa kazi ya kukamata watu: kabla ya mshitakiwa kufikishwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria, hawezi kuwekwa kizuizini zaidi ya saa 48. Pimeni wenyewe. Polisi, mwenye sare na kibali cha serikali, anayemshuku mtu kwamba ameiba, amepewa siku mbili. Mhasibu wa hospitali, asiye na sare wala kibali, anamshika mzazi asiye na kosa lolote kwa majuma matatu. Ni nani aliyempa mamlaka makubwa kuliko ya polisi?

Kanuni ya makosa ya jinai, katika kifungu cha 67, inamwadhibu anayemkamata au kumzuia mtu pasipo haki. Na Mkataba wa Kimataifa juu ya Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao nchi yetu iliukubali tangu mwaka 1976, unakataza katika kifungu cha 11 kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza ahadi ya mapatano. Ikiwa hata gereza la serikali halina ruhusa ya kumfunga mtu kwa umaskini wake, chumba cha materniti kitaipata wapi?

Sasa tuwasikilize wanaotupinga, maana wana neno la kweli ndani ya hoja yao. Wanasema: wauguzi na madaktari wengi hawapati mshahara wa serikali, au wanapata posho isiyotosha hata nusu ya mwezi, hospitali inaishi kwa fedha ya wagonjwa, wagonjwa wakitoroka, kesho hakutakuwa na dawa wala mshahara. Ni kweli. Nasi walimu hatuna haki ya kuwacheka, kwa kuwa tumepita njia hiyo hiyo. Tangu miaka ya 1990 shule zetu ziliishi kwa mchango wa wazazi. Tuliwafukuza watoto darasani asubuhi, mbele ya wenzao, kwa sababu baba yao hakuleta fedha. Tulisema: “Nasi tunakula nini?” Tulisema: “Haiwezekani vinginevyo.” Tunaona aibu kuyaandika haya, lakini tusipoyaandika hatutakuwa na uso wa kuwahukumu wengine.

Je, kumfukuza mtoto kulitushibisha? Wengine walirudi mikono mitupu, wengine hawakurudi kamwe. Na jambo lile tuliloliita lisilowezekana lilianza kutekelezwa mwezi wa Septemba 2019, pale elimu ya msingi bila malipo, ambayo Katiba iliiahidi tangu mwanzo katika kifungu cha 43, ilipoanza kutumika. Tunajua madarasa yalijaa kupita kiasi, tunajua walimu wengi walisubiri mishahara yao. Hata hivyo mtoto wa maskini hafukuzwi tena na mwalimu wake kwa jina la sheria. Kisichowezekana huwa kinawezekana siku watu wanapokataa kukizoea.

Tuitazame pia hesabu yenyewe, maana wanaotetea kizuizi wanadai kwamba kinaleta fedha. Motari anapata fedha yake siku kwa siku. Akishinda hospitalini akimletea mkewe ugali, siku hiyo hakupata kitu. Mkewe, aliyekuwa akiuza mboga sokoni, amefungiwa ndani. Meza yake sokoni ni tupu. Kila usiku unaopita, fakture inaongezeka kwa malipo ya kulala, na mikono ambayo ingelipa imefungwa. Deni linapanda, uwezo unashuka. Mnakumbuka ule mfano wa Injili wa mtumwa aliyesamehewa deni kubwa, kisha akamtupa mwenzake gerezani hadi alipe deni dogo. Hata mtoto wa katekisimu huuliza: akiwa gerezani, fedha ataitoa wapi? Mtoto ameelewa jambo ambalo mhasibu hakulielewa.

Lakini hasara kubwa zaidi haipo ndani ya lango. Ipo nje, kwa wale wanaosikia habari. Mwanamke mjamzito wa mtaa ule ule, aliyeona jirani yake akishikwa majuma matatu, atafanya nini uchungu utakapomshika usiku? Ataogopa kwenda, atazalia nyumbani, na damu ikitoka hakuna wa kuizuia. Baba ambaye mtoto wake ana homa ya malaria atanunua vidonge viwili kwa mwuza dawa wa barabarani na kungoja. Atakwenda hospitalini siku mtoto atakapoanza degedege, nayo matibabu ya mtoto wa degedege ni ghali kuliko ya mtoto wa homa ya siku moja. Basi mgonjwa mmoja anayeshikwa anaufundisha mtaa mzima kuchelewa. Wakichelewa, gharama zinapanda, zikipanda, hawawezi kulipa, wasipolipa, wanashikwa. Hospitali inayofunga lango ili ipate fedha inajitengenezea wadeni wa kesho kwa mikono yake.

Na tusisahau wafu. Zipo familia zilizonyimwa maiti ya ndugu yao hadi zimalize deni. Zinakesha matanga bila marehemu, zikitafuta fedha huku zikilia. Tendo la kuzika wafu, tunalowafundisha watoto kuwa moja ya matendo ya huruma, tumeliwekea bei.

Hapa tunapaswa kusema neno gumu juu ya nyumba yetu wenyewe. Katika nchi hii Kanisa lina hospitali na vituo vya afya vingi, chini ya ofisi za tiba za majimbo, na pasipo hivyo sehemu nyingi zingebaki bila mganga hata mmoja. Tunamshukuru Mungu kwa masista na wauguzi walioendelea kufanya kazi wakati wa vita, pale wengine walipokimbia. Lakini mtoto wa nyumba ana haki ya kusema ndani ya nyumba. Popote lango lenye msalaba juu yake linapomshika mgonjwa kwa deni, msalaba ule unashuhudia uongo. Katika mfano wa Msamaria mwema tumezoea kumsifu Msamaria na kumlaumu kuhani. Tunamsahau mwenye nyumba ya wageni. Huyo alipokea dinari mbili tu na ahadi ya mgeni asiyemjua kwamba kilichozidi kitalipwa baadaye. Alikubali kumtunza majeruhi. Hakudai rehani. Hospitali zetu zimeitwa kuwa nyumba ile.

Basi lawama zote ziwe za hospitali? Hapana. Mzigo huu umesukumwa chini na walio juu hadi ukamwangukia aliye dhaifu kuliko wote. Mwezi wa Aprili 2001, kule Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti za nchi zao kwa ajili ya afya. Nchi yetu haijatimiza ahadi hiyo. Kabla yake, mwaka 1987, mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako na kukubali kwamba raia wachangie gharama za dawa, kwa sharti kwamba fedha hiyo isimamiwe pamoja na raia wenyewe. Nusu ya kwanza ya mapatano hayo tumeitimiza kwa jasho letu. Nusu ya pili, ya kusimamia, tuliiacha ilale.

Waajiri nao wana sehemu yao. Kanuni ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimu mwajiri kumpatia mfanyakazi na jamaa yake matibabu wakati wa ugonjwa, ajali, mimba na uzazi. Ni wangapi kati ya wazazi wenu, wanaoendesha lori za wafanyabiashara, wanaolinda maghala, wanaopanga bidhaa madukani, waliokwisha kuambiwa hivyo? Bwana mkubwa anatoa elfu chache mkononi na kusema “pole”, na mfanyakazi anashukuru kana kwamba amepewa zawadi. Msaada ni jambo jema, ila haki haiombwi kwa kupiga magoti. Yupo inspekta wa kazi, na kazi yake ni kusikiliza malalamiko kama hayo.

Serikali nayo ilizindua mwezi wa Septemba 2023, ikianzia Kinshasa, mpango wa kuzalisha wamama bila malipo na kuwatunza watoto wachanga, kama sehemu ya matibabu kwa raia wote. Tunaupokea kwa furaha. Lakini mpango uliozinduliwa mji mkuu si kitanda katika materniti ya kijijini. Pale ulipofika, tuulinde, ili kilicho bure kisiuzwe chini ya meza. Pale usipofika, tuudai kwa wale tunaowapigia kura.

Ninyi mtauliza: nasi vijana tufanye nini? Hatuwaambii muache kuchanga. Mama akiwa mkekani na mtoto mchanga, hatutamwacha humo ili tushinde hoja. Tutachanga tena, na tutamtoa. Lakini tangu leo tusichange tukanyamaza.

Kwanza, tujifunze kuuliza bei kabla ya tiba, isipokuwa pale hatari inapokataza kungoja. Bei zibandikwe ukutani, kwa lugha ambayo mama wa soko anaisoma. Kuuliza bei si ukosefu wa heshima kwa daktari. Anayenunua kilo ya maharagwe anauliza. Kwa nini anayenunua uhai wa mtoto wake aone haya?

Pili, tudai fakture iliyoandikwa kitu kwa kitu: dawa ipi, ngapi, kwa bei gani, usiku ngapi. Fedha isiyo na karatasi ni mlango wa wizi, nao wizi huo unamwibia mgonjwa na unaiibia hospitali pia. Ninyi mnaojua kusoma na kuhesabu, nendeni pamoja na jirani yenu asiyejua. Msiende kugombana na muuguzi, nendeni kusoma.

Tatu, kila eneo la afya lina kamati yake, ambayo wajumbe wake wanachaguliwa na wakaaji. Ndiyo inayoitwa CODESA. Hapa ndipo ile nusu ya pili ya mapatano ya Bamako inapopaswa kuishi. Tumewaacha watu wale wale wakae humo miaka na miaka, wala hatujui majina yao. Ulizeni uchaguzi ni lini. Simameni mchaguliwe. Ombeni hesabu isomwe mbele ya wakaaji.

Nne, tujiunge na vyama vya kusaidiana matibabu, mituweli za afya, ambazo zina sheria yake tangu tarehe 8 Februari 2017. Mituweli ni kikapu kinachopitishwa kabla ya ugonjwa. Mchango mdogo wa kila mwezi, unaotolewa mtu akiwa mzima, una heshima kuliko mchango mkubwa unaotafutwa kwa machozi langoni. Lakini mituweli isiyosoma hesabu zake mbele ya wanachama itakufa, na itastahili kufa.

Tano, tuipe hospitali njia nyingine ya kulipwa, ili isiseme kwamba haina njia. Mdeni aandike ahadi ya kulipa kidogo kidogo, na wakubwa wawili wa jumuiya yake watie sahihi kama mashahidi. Wanatuambia: “Watu watatoroka.” Baadhi watatoroka, hatukatai. Lakini hatuwafungi mia kwa kumwogopa mmoja. Na jumuiya inajua nyumba ya kila mtu, shamba lake na meza yake sokoni. Inamfahamu mdeni kuliko mzamu anavyomfahamu. Mdeni aliye nyumbani anafanya kazi, na anayefanya kazi ndiye anayeweza kulipa.

Mama yule sasa amerudi sokoni. Mumewe anamlipa mwenye pikipiki kila Jumamosi, na hajakosa hata mara moja. Angeilipa hospitali vivyo hivyo, laiti wangemwamini. Mtoto wao atabatizwa pamoja na wengine. Siku ile tutaimba tena. Na mara hii, tukitoka kanisani, tunataka kwenda pamoja nanyi hadi langoni pa hospitali tukiwa na barua mkononi, tuipeleke kwa mkubwa wa hospitali na kwa kamati ya afya, tuombe orodha ile ya mzamu ichanwe.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

1. Katika mtaa wenu, ni nani aliyeshikwa hospitalini kwa ajili ya deni, naye aliishije humo? Jamaa yake ilipoteza nini?
2. Ni nani wajumbe wa kamati ya afya ya eneo lenu, na hesabu zilisomwa lini mara ya mwisho?
3. Jumuiya yenu iko tayari kutia sahihi kwa ajili ya nani? Na ikiwa haiko tayari, inaogopa nini?